Damu ya mgonjwa mwenyewe: kisa cha mimba iliyopasuka usiku wa kuamkia Ijumaa

Friji ya maabara ilikuwa na chupa tatu za damu usiku ule, mbili za kundi B chanya na moja ya A chanya. Kijana wa maabara alizitoa zote akazipanga mezani mbele yangu, kana kwamba nikiziona kwa macho nitapata la kufanya. Mgonjwa aliyelala chumba cha pili alikuwa O hasi. Kundi hilo huku kwetu ni adimu, na mwenye nalo anaweza kumpa damu karibu kila mtu, lakini yeye apokee kwa mwenzake wa O hasi tu.

Ninaandika kisa hiki kwa wenzangu wanaopasua katika hospitali za wilaya, na kwa ndugu wa wagonjwa ambao huenda siku moja wakaulizwa mlangoni: tukimrudishia damu yake mwenyewe, mnakubali? Kilitokea katika hospitali moja ndani ya mkoa wa Tanga, zaidi ya saa moja kwa gari la wagonjwa hadi mjini. Umri wa mgonjwa na mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Saa nimeziacha zilivyo, maana kisa chote kimesimama juu ya saa.

Aliletwa saa 11:20 alfajiri kwa bodaboda, dereva mbele, yeye katikati, mumewe nyuma amemkumbatia asianguke. Walikuwa wamekata njia ya ndani ya shamba la mkonge. Mwanamke wa miaka 27, mama wa mtoto mmoja wa miaka minne. Nilipomfunua kope la chini sikuona hata uzi wa wekundu. Presha 70 kwa 40, mapigo 138 kwa dakika, miguu ya baridi mpaka magotini, tumbo limejaa na hataki liguswe. Alikuwa akisema neno moja tu: bega. Bega la kulia linamuuma.

Mtu asiyejua atadhani aliumia alipoanguka. Damu ikijaa tumboni, mgonjwa akilala hupanda mpaka chini ya kile kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua. Neva ya kiwambo hicho inatoka shingoni, jirani kabisa na neva za bega, kwa hiyo ubongo huyapokea maumivu ya kule ndani kama maumivu ya bega. Mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye tumbo linalouma, aliyezimia, na bega linamuuma: hapo usisubiri kitu kingine.

Kipimo cha mimba kilikuwa chanya. Wiki saba zilikuwa zimepita tangu siku zake za mwisho. Nikachoma sindano tumboni, ikavuta damu bila shida, nikaitia kwenye kichupa kikavu na kumwambia muuguzi aangalie saa ya ukutani. Dakika kumi zikapita, haijaganda. Ningekuwa nimechoma mshipa kwa bahati mbaya, ingeganda. Damu iliyokwisha kukaa tumboni hupoteza protini yake ya kugandia, ikabaki majimaji, na mabonge yake yakajikusanya chini nyuma ya mfuko wa uzazi. Mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija, na mrija umepasuka.

Wingi wa damu ulisoma gramu 6.1 kwa desilita. Kipimo hicho huchelewa kusema ukweli, kwa sababu damu inayomwagika inaondoka na maji yake. Namba hushuka baadaye maji ya dripu yanapoingia. Hesabu ya kichwani inasaidia zaidi. Alikuwa na kilo 54. Mwanamke ana kama mililita 65 za damu kwa kila kilo, kwa hiyo huyu alikuwa na lita tatu na nusu. Kijana mwenye moyo mzima hafiki presha 70 kwa 40 mpaka apoteze zaidi ya asilimia 40 ya damu yake.

Njia nyingine nilizipitia haraka. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mwingine mjini. Mume akapimwa: B chanya. O chanya, ambayo kwa mtu anayekata roho ningeikubali pamoja na madhara yake kwa mimba za baadaye, haikuwepo. Zilizobaki ni lita mbili za damu ya kundi lake hasa, ya joto la mwili wake, zimelala tumboni mwake.

Swali la saa

Shirika la Afya Duniani linaruhusu damu iliyomwagikia ndani ya mwili irudishwe, kwa masharti. Iwe mbichi, iliyokaa nje ya mishipa zaidi ya saa 6 isirudishwe, kwa kuwa chembe nyekundu zinakuwa zimepasuka na kumwaga vilivyomo. Isiwe imechanganyika na kinyesi, usaha, mkojo, maji ya uzazi, maji ya kuoshea tumbo wala chembe za saratani. Mimba changa ya kwenye mrija, kwa mwanamke asiye na homa, kwa kawaida inapita kwenye masharti hayo yote isipokuwa lile la saa, ambalo maabara haiwezi kukupimia. Hilo unalipata barazani, kwa ndugu.

Nikatoka. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi, kanga imemfunika mpaka puani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vipi mwenzetu?"

"Yu hai. Damu imemwagikia tumboni, tunataka kumpasua. Nisaidie jambo moja: tumbo lilimwanza lini?"

"Tangu jana adhuhuri. Mie nilimkuta jikoni kajikunja."

Mume akaingilia kwa adabu. "Mama, ile ya adhuhuri ilikuwa kidogo. Hii kubwa ni ya saa saba usiku."

Kutoka adhuhuri hadi alfajiri ile ni saa 17. Kutoka saa saba usiku ni saa nne na kidogo. Kwa jibu la kwanza damu ile ni sumu, kwa jibu la pili ni dawa, na waliotoa majibu hayo ni watu wawili wakweli wanaoishi nyumba moja. Nikaacha kuuliza saa, nikauliza alichokuwa akifanya. Baada ya magharibi alikuwa wapi? Jikoni. Alipika nini? Ugali na mchicha. Alisonga nani? Alisonga mwenyewe, akampakulia mtoto, akachota maji akaoga. Saa nne akalala. Saa saba akaamka kwenda chooni, mume akasikia kishindo, akamkuta chini, jasho jembamba limemtoka, anashika bega.

Mwanamke aliyepoteza lita mbili za damu hasongi ugali. Maumivu ya adhuhuri yalikuwa ya mrija unaotanuka, labda ukivuja kidogo, na hicho kidogo cha zamani kingekuwa kimekwisha kuganda na kitabaki kwenye chujio. Nikaandika kwenye faili: damu nyingi imeanza saa 7 usiku, mwisho wa kurudisha saa 1 asubuhi. Mstari huo naupendekeza kwa kila mwenzangu. Ukishauandika kabla ya kupasua, hutajidanganya ukiwa ndani.

Barazani pale kulikuwa na swali jingine. Mjomba wa mgonjwa, mzee mwenye kofia ya kiua, alikuwa amefika na kusikiliza yote akiwa amesimama.

"Daktari, damu ikishamwagika si najisi? Mnataka kumtia najisi mwilini?"

Swali hili nimelisikia zaidi ya mara moja, na nimeona wenzangu wakilijibu kwa haraka ya mtu anayeona anapotezewa muda. Damu inayomwagika imetajwa ndani ya Kurani miongoni mwa vilivyoharamishwa kuliwa, na mtoto wa pwani anakua akijua kwamba nguo yenye damu haisaliwi. Mzee anayeuliza hivyo anafanya kazi yake ya ulezi. Nikamweleza nilivyoweza: haijatoka nje ya mwili wake, imetoka mshipani ikaingia tumboni, tunaichota, tunaichuja, tunairudisha ilikotoka, na nyingine ya kumfaa sina. Akanyamaza kidogo, akisugua kidole gumba juu ya mpini wa fimbo.

"Basi hiyo ni dharura," akasema. "Dharura ina hukumu yake. Fanyeni."

Mume akatia saini. Mama mkwe yeye akauliza jambo dogo tu: "Hiyo damu mkishaichota, itatoka humo ndani ikaenda wapi?" Hakulitaja neno, na mimi sikulitaja. Hadithi za mumiani zimesimuliwa pwani hii tangu enzi za ukoloni, na damu, chupa na mlango uliofungwa ndiyo habari yenyewe. Nikamwahidi kwamba mfuko wa kwanza ukishatundikwa, muuguzi atamwita aje kwenye kioo kidogo cha mlango auone ukiwa juu ya kichwa cha mkwewe. Tulifanya hivyo. Haikuchukua hata nusu dakika.

Upawa

Chombo kilichookoa maisha ya mgonjwa huyu ni upawa wa supu. Ulinunuliwa sokoni, wa chuma kisichoshika kutu, mpini mrefu, na unakaa ndani ya furushi lake la kitambaa cha kijani umekwisha kupita kwenye otoklevu, mtungi wa mvuke wa kuulia wadudu, pamoja na bakuli pana na gozi. Kikombe chake kinabeba mililita 90 hivi, kipimo ambacho kina faida yake: pasipokuwa na mifuko ya damu yenye dawa ya kuzuia kuganda, unatia mililita 10 za sodiamu sitreti kwa kila mililita 90 za damu, yaani upawa mmoja kwa bomba moja la sindano. Sisi mifuko tulikuwa nayo.

Kwa nini upawa, na mashine ya kuvuta ipo? Kwa sababu nguvu ya mashine ikiwa kubwa, na damu ikichanganyika na hewa kwenye mrija, chembe nyekundu zinapasuka njiani. Upawa unachota taratibu. Hospitali kubwa za moyo zina mashine maalumu inayovuta damu kwa nguvu iliyopimwa, ikaizungusha, ikaiosha kwa maji ya chumvi na kurudisha chembe nyekundu peke yake, safi. Inahitaji umeme usiokatika na vifaa vinavyotumika mara moja na kutupwa. Mwenye nayo aitumie.

Tulianza saa 12:05. Mtaalamu wa usingizi hakutoa ketamini mpaka aliponiona nimevaa glavu na kisu kiko mkononi, na alikuwa na haki. Tumbo lililojaa damu hubana mishipa iliyopasuka; ukilifungua tu, ule mbano unaondoka na presha inaweza kuporomoka. Mkono wangu wa kushoto ukateremka moja kwa moja kutafuta mrija na kuubana, huku msaidizi wangu akichota kwenye mdomo wa kidonda. Damu ikamiminwa juu ya tabaka nne za gozi zilizofunika bakuli. Aliyewahi kuchuja tui kwa kifumbu ataielewa picha hii: majimaji yanashuka laini, na mabonge yanabaki juu kama machicha.

Kisha mfuko. Sehemu yake ya juu husuguliwa kwa iodini, hukatwa kwa kisu kisafi, damu humiminwa ndani, na mdomo hufungwa kwa uzi wa kushonea mara mbili. Mfuko wa kawaida una mililita 63 za dawa, zilizopimwa kwa mililita 450 za damu; jaza karibu na hapo, maana ukiujaza nusu mgonjwa anapata dawa nyingi kuliko damu inavyohitaji. Utauliza dawa ya nini ikiwa damu ya tumboni haigandi. Ni kwa sababu mrija bado unatoa damu mpya mpaka ubanwe, na hiyo inaganda.

Na mpira. Jambo hili naliona likikosewa hata na watu wazuri. Mpira wa dripu ya maji hauna chujio la damu. Mpira wa kuwekea damu una chujio lenye matundu ya mikroni 170 hadi 200, nalo ndilo linalozuia vibonge vilivyopita kwenye gozi visifike mapafuni. Ukikosa mpira wa damu, nenda kautafute.

Mfuko wa kwanza ulitundikwa saa 12:20. Nilipoushika ulikuwa na joto la kiganja. Damu ya friji inatunzwa kati ya nyuzi 2 na 6, na kadiri siku zinavyopita hupungukiwa na kemikali inayozisaidia chembe nyekundu kuachia oksijeni. Damu hii mbichi bado ilikuwa nayo. Kwa upande mwingine, protini za kugandisha na chembe sahani zilikuwa zimekwisha kutumika, na ndani yake mlikuwa na rangi nyekundu iliyomwagwa na chembe zilizopasuka. Ndiyo maana damu ya namna hii ina kikomo chake. Ukirudisha nyingi mno bila kuiosha, mgonjwa anaweza kuanza kuvuja kila mahali ulipomchoma.

Mrija ukabanwa, ukafungwa, ukaondolewa. Kwa upasuaji wenyewe sina zaidi la kusema.

Mfuko wa tatu, na mfuko wa pili

Mifuko miwili ya kwanza ilijaa vizuri. Presha ilipofika 96 kwa 58 nilijisikia nimevuka, na hapo nikasema neno ambalo sikupaswa kulisema wakati ule: "Osha." Nilidhani uchotaji umekwisha. Msaidizi wangu alikuwa bado na upawa mkononi, lakini amri ni amri. Akamimina maji ya chumvi tumboni. Damu iliyokuwa imebaki, kama mililita 300, ikawa nyepesi kama sharubati.

Tuliichota, tukaitazama, tukaimwaga. Mmoja wetu alisema maji ya chumvi hayana ubaya, hata ile mashine huyatumia, na hoja hiyo ina uzito. Lakini mashine ikishaosha huyatupa maji pamoja na kila yalichokokota: vipande vya chembe, vibonge vilivyovurugwa, iodini ya ngozini, wadudu wa kwenye kingo za kidonda. Sisi tungeyarudisha yote mshipani. Ilikuwa saa 12:50, dakika kumi kabla ya mstari niliouandika mwenyewe, na mgonjwa hakuwa akivuja tena. Presha ingekuwa bado 60 ningesita zaidi. Kosa lilikuwa langu: nilitoa amri bila kuuliza kwanza kama kazi ya mwenzangu imekwisha. Siku hizi aliyeshika upawa ndiye anayetangaza, "Nimemaliza," na kabla ya hapo maji hayaguswi.

Lililonikosesha usingizi zaidi ni mfuko wa pili.

Ulijaa wakati wa kwanza bado unatiririka, kwa hiyo ukawekwa juu ya meza ya magurudumu karibu na mlango. Nje kulikuwa na mama wa upasuaji wa uzazi akisubiri, na zamu zilikuwa zikibadilishana. Muuguzi aliyeingia asubuhi aliona mfuko wa damu mezani, hauna jina, hauna mtu. Akafanya alichofundishwa: damu isiyotumika irudi kwenye friji ya maabara. Alikuwa amekwisha kushika kitasa mtaalamu wa usingizi alipoona mdomo wa mfuko umefungwa kwa uzi.

"Dada, hiyo ya wapi?"

"Si inarudi maabara?"

Tafadhali msomaji tulia hapa nami. Ule mfuko ungeingia friji, mtu angeupima kundi, angekuta O hasi, na ungewekwa pembeni kama hazina ya dharura, ya kumpa yeyote atakayeletwa anakata roho. Damu hiyo haikupimwa virusi vya UKIMWI, wala homa ya ini B na C, wala kaswende. Mfuko ulikuwa umekatwa mdomo. Kwa mwenyewe hayo hayana hatari ya ziada kwa saa chache zile, kwa kuwa kama ana ugonjwa, tayari ni wake. Kwa mtu mwingine yeyote, kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuua. Tunazungumza sana juu ya usalama wa kumrudishia mgonjwa damu yake, na maneno "damu yake mwenyewe" yanatulegeza. Usiku ule yalinifanya nisahau kuandika jina, jambo ambalo kwa chupa ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama nisingelisahau hata nikiwa nimelala.

Sasa jina, namba ya faili, saa ya kuchota na maneno YA MGONJWA HUYU TU yanaandikwa kwenye mfuko kabla haujakatwa. Ukijaa hauwekwi popote. Unatundikwa kwenye nguzo ileile ya dripu ya mwenyewe, hata kama zamu yake haijafika. Usipotumika, unachomwa pamoja na taka za upasuaji, na wawili wanatia saini kwamba wameuona ukienda.

Mkojo

Baada ya upasuaji macho yetu yote yalikuwa kwenye mfuko wa mkojo. Mililita 40 za kwanza zilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Ndiyo ile rangi nyekundu ya chembe zilizopasuka: ikiwa nyingi kuliko mwili unavyoweza kuishika, inapitia kwenye figo, na figo iliyokwisha kukosa damu kwa saa tano inaweza kufa kwa mzigo huo. Tiba yake ni maji ya kutosha na kuhesabu. Kwa kilo zake tulitaka angalau mililita 27 kila saa. Alitoa zaidi ya 30. Saa tisa alasiri mkojo ulikuwa wa manjano. Mkojo mwekundu unaotoka hautishi kama mkojo usiotoka.

Kalsiamu glukoneti tulikuwa tumeivuta kwenye bomba tangu mfuko wa kwanza, kwa kuwa sitreti hukamata kalsiamu, na ini la mgonjwa mwenye baridi na presha ya chini huchelewa kuivunja. Mapigo hayakuyumba, hatukuitumia. Kesho yake asubuhi wingi wa damu ulikuwa 6.9, anakaa mwenyewe kitandani, anauliza habari za mwanawe. Vidonge vya madini ya chuma vilitosha kwa yaliyobaki.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya hospitali maskini. Uingereza, mwaka 1874, William Highmore alipendekeza mama anayetokwa damu baada ya kuzaa arudishiwe damu yake. Mwaka 1886 John Duncan wa Edinburgh aliirudisha damu ya mtu aliyekuwa akikatwa mguu. Mjerumani Johannes Thies aliandika mwaka 1914 juu ya mimba zilizopasuka kwenye mrija, kisa hiki hiki cha kwetu, mwaka uleule sitreti ilipoanza kutumika kuzuia damu isigande. Benki za damu zilipoenea, njia hii ikasahaulika. UKIMWI ulipokuja miaka ya 1980, ikakumbukwa. Imeachwa na kurudiwa kulingana na hofu za kila kizazi, na masharti yake yamebaki karibu yaleyale.

Masharti hayo nayaheshimu zaidi kwa sababu ya kijana tuliyempokea wiki tatu baadaye, ajali ya bodaboda, tumbo limejaa. Furushi la upawa lilifunguliwa kama kawaida. Nilipofungua tumbo ikapanda harufu. Utumbo ulikuwa umetoboka pamoja na bandama. Msaidizi wangu alinitazama, upawa mkononi, na nikatikisa kichwa. Alikuwa A chanya, na safari hii friji ilikuwa na ya kumfaa.

Kilichobaki kwa mgonjwa wetu kilihusu mtoto ambaye bado hajatungwa. Mwanamke O hasi mwenye mume wa kundi chanya, mimba ikiharibika kwa namna hii, anahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72, asije akajenga kinga itakayoshambulia damu ya mimba ijayo. Hatukuwa nayo. Jumamosi mume akapanda basi kwenda Tanga mjini na karatasi yangu mfukoni, akalala kwa ndugu yake Ngamiani, akaipata Jumapili. Sindano hiyo inataka ubaridi lakini isigande, na nilikuwa nimemwambia hivyo mara mbili. Alipita soko la samaki la Deep Sea akanunua barafu ya samaki, akaiponda, akaitia kwenye chupa ya chai aliyoiazima, na kichupa cha dawa akakizungushia kipande cha kanga ya mkewe kisigusane na barafu. Saa 10:15 jioni aliifungua mbele yetu wodini. Barafu ilikuwa imeyeyuka nusu, kichupa kikavu. Muuguzi akamchoma mgonjwa pajani, kisha akaandika kwenye faili, chini ya mistari ya mifuko miwili: saa 63 na robo.